SOMO: Kijana, uume hausimami vizuri? Soma hapa kabla hujaanza kegel

Wakuu, naandika hili ili nikiulizwa tena nibandike kiungo tu. Mimi ni mfiziotherapia, kazi yangu ni misuli ya nyonga, na ujumbe ninaopokea kutoka kwa vijana ni uleule: "Nguvu zimepungua, nifanye kegel ngapi kwa siku?" Kegel ni zoezi la kukaza na kuachia misuli ya nyonga; usifanye hata moja mpaka ujue misuli yako imelegea au imekaza. Tuanze.

Hatua ya 1. Nenda kwa daktari. Pima sukari na presha, taja dawa zote unazotumia, zikiwemo za sonona. Mishipa ya damu ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, kwa hiyo ikianza kuziba, dalili huweza kuonekana huku chini mapema.

Hatua ya 2. Angalia asubuhi. Mwanamume mwenye afya husimamisha mara 3 hadi 5 usiku akiwa usingizini. Ukiamka umesimama vizuri lakini ukiwa na mwenzi unalegea, basi damu na neva huenda hazina shida kubwa. Asubuhi nako kukiwa kimya wiki kadhaa, mwambie daktari.

Hatua ya 3. Ijue misuli. Sakafu ya nyonga imetandazwa kuanzia mfupa wa kinena hadi kifandugu. Kuna misuli inayokumbatia mizizi ya uume pande zote mbili. Ikikaza, hubana damu iliyokwisha kuingia na kupandisha shinikizo, ndiyo unapata ule ugumu kamili. Mwingine huzungushia mwanzo wa uume, husukuma manii na matone ya mwisho ya mkojo.

Hatua ya 4. Imelegea au imekaza? Hapa ndipo watu wanapoharibu. Mtu anasikia "misuli ya nyonga", anadhani dawa yake ni kuiongezea nguvu. Kijana aliyelegea hupata matone ya mkojo baada ya kumaliza, au husimama vizuri kisha ugumu ukatoroka. Kijana aliyekaza ana habari nyingine: mkojo unachelewa kuanza, choo kigumu, maumivu kwenye msamba (kati ya korodani na njia ya haja kubwa) au korodani akikaa muda mrefu, maumivu baada ya kumwaga, na uume unaoonekana umesinyaa na kuwa mgumu hata ukiwa umelala. Ngumi iliyokunjwa mchana kutwa haina nguvu ya kukunja zaidi, na misuli hii ni hivyo hivyo. Huyu wa pili akifanya kegel anazidisha maumivu na kusimama kunazidi kuwa shida. Dalili zikichanganyika, usikisie. Mwone mtaalamu akupime. Na ukihisi ganzi sehemu zote zinazogusa kiti, au ghafla huwezi kuzuia au kutoa mkojo, hiyo si ya fiziotherapia: nenda hospitali siku hiyohiyo.

Hatua ya 5. Kwa aliyekaza: lala chali, magoti juu, vuta pumzi mpaka tumbo liinuke, na usikie msamba ukishuka wenyewe. Usiusukume. Dakika chache, mara kadhaa kwa siku. Kuchuchumaa chini kabisa huku ukipumua taratibu kunasaidia pia.

Hatua ya 6. Kwa aliyelegea: vuta uume ndani na inua korodani, bila kukaza makalio wala kuzuia pumzi. Shikilia sekunde chache, kisha achia kabisa kwa muda uleule. Kuachia ni nusu ya zoezi. Usifanye hivi ukiwa unakojoa.

Hatua ya 7. Vumilia. Mtaalamu Grace Dorey na wenzake Uingereza waliwafuatilia wanaume 55 wenye shida ya kusimamisha waliofanya mazoezi ya misuli hii: baada ya miezi 6, 40% walirudi hali ya kawaida, takriban theluthi walipata nafuu, na robo hivi hawakubadilika.

MASWALI

Haraka24: Nimepitia juu juu. Kwa hiyo kegel ngapi kwa siku?
— Hatua ya 4.

Haraka24: Si unijibu tu mkuu, mbona ukali?
— Si ukali. Namba nitakayokupa inaweza kukuumiza. Soma, kisha uje na dalili zako.

Fundi Umeme: Ahsante kwa somo. Misuli inakazaje yenyewe, mtu hajafanya lolote?
— Swali zuri. Kwanza hofu: mwili ukiogopa hubana nyonga, na adrenalini hiyohiyo hubana mishipa inayoleta damu. Aliyeshindwa mara moja anaogopa mara ya pili, na mzunguko unaanza. Wengine hubana tumbo siku nzima. Wengine, na hili huwashangaza, hukaza kwa nguvu wakiwa kitandani ili kuulazimisha usimame.

mpole_kidogo: Samahani, huko kwa mtaalamu wanaingiza kidole?
— Wakati mwingine, kwa glavu, kupitia njia ya haja kubwa, na baada ya kukueleza na wewe kukubali. Una haki ya kukataa. Anaweza kupima kwa nje, kwenye msamba, au kwa mashine ya ultrasaundi.

Mama Pacha: Mume wangu ana miaka 29, ananikwepa. Nadhani simvutii tena.
— Pole dada. Mara nyingi anayekwepa anaukimbia mtihani, hamkimbii mwenzake. Kubalianeni kwa muda kushikana bila tendo lenyewe, ili asiwe na cha kufeli. Na aende hatua ya 1.

Kijiti: Nina vidonge vya kusimamisha vya rafiki yangu, nimeze huku nafanya mazoezi?
— Usimeze. Vikikutana na dawa za moyo za aina ya nitreti, presha inaweza kushuka hadi kuua. Daktari akikuandikia, sawa, vinaendana na mazoezi.

Fundi Umeme: Naendesha baiskeli kila siku. Niache?
— Ukipata ganzi, badili kiti: kipana, chenye uwazi katikati, pua yake isielekee juu. Inuka kwenye pedeli mara kwa mara.

mpole_kidogo: Na choo kigumu je?
— Weka kigoda chini ya miguu ukikaa chooni, magoti yapite nyonga, na usisukume kwa kubana pumzi.