Kutafsiri mageuzi ya Kenya kwa Kiswidi: jua kwanza nani ana nguvu

Hapa Nairobi kazi kama hizi ziko, ripoti ya ugatuzi, maoni ya wananchi kuhusu bajeti, na mtu anataka zisomeke Stockholm. Kabla ufungue kamusi soma dokumenti yote na ujiulize nani aliamua, nani analipa, maana hapo ndo tafsiri nyingi zinaharibika hata kama sarufi iko sawa.

Chukua kaunti. Kamusi itakupa "län", usiitumie. Län inaongozwa na landshövding ambaye anateuliwa na serikali kuu, so Mswidi akisoma hivyo atamuona gavana wetu kama wale PC wa zamani, wakuu wa mikoa walioteuliwa na rais, na hiyo ndo katiba ya 2010 ilikuja kubadilisha. "Region" iko karibu, angalau wananchi wanachagua baraza lake, lakini mimi naacha "county" na mara ya kwanza naeleza kwamba ziko 47, na gavana pamoja na bunge lake wanapigiwa kura.

Mswada ni "lagförslag", hiyo haikuangushi. "Proposition" ni ile inatoka kwa serikali yao, na "motion" ni pendekezo la wabunge, so usiichukue tu kwa sababu inafanana na ile tunaita hoja. Ukifika kwa Mswada wa Fedha wa 2024 hapo tulia kabisa. Bunge liliupitisha 25 Juni, vijana wakiwa barabarani na wengine wakauawa, kesho yake rais akasema hatii sahihi. Ukiandika "förslaget föll" (pendekezo lilianguka) Mswidi ataelewa wabunge waliukataa, na hawakuukataa! Andika "presidenten vägrade skriva under" (rais alikataa kutia sahihi) na uongeze sentensi moja kwamba Kenya mswada ukipita bungeni unaenda kwa rais atie sahihi, na anaweza kuurudisha, maana kwao mfalme hana hiyo kazi tangu katiba yao ya 1974. Watu walikufa kwa hii story, lazima ijulikane nani alifanya nini.

Upande wa uchumi, ubinafsishaji ni "privatisering", basi. Ile mipango ya Benki ya Dunia na IMF ya miaka ya 80 na 90 ni "strukturanpassning" (marekebisho ya kimuundo), lakini taja masharti yalitoka wapi. Na ada za hospitali za 1989 usiziite "patientavgift" (ada ya mgonjwa) ukaacha hapo, kwao hiyo ni pesa kidogo na iko na kikomo kwa mwaka, kwetu mgonjwa alikuwa anarudi nyumbani bila matibabu.

Mwisho namba. Bilioni yetu ni "miljard", trilioni ndo "biljon", na nukta inageuka koma, yaani trilioni 3.9 inakuwa 3,9 biljoner. Mwaka wao wa bajeti unaanza Januari, wetu Julai, kwa hivyo andika 2024/25 kamili. Shilingi ibaki shilingi, krona weka kwa tanbihi pamoja na tarehe ya reti uliyotumia.