Dawa ya Magugu Haipimwi kwa Kifuniko, Wala Haipuliziwi Mahindi Ili Yakue

Mvua za Novemba zinapoanza Lubumbashi, katika mashamba ya mahindi ya upande wa Kipushi na ya barabara ya Kasenga hurudiwa kosa lile lile, na kosa hilo huwagharimu wakulima kuliko magugu yenyewe. Mkulima huchukua dawa ya magugu ya glifosati, humimina kifuniko kimoja katika pampu ya lita 16, kisha hupulizia mahindi yenye majani manne au matano, akiamini kwamba dawa hiyo ikitiwa kidogo huwa vitamini ya mmea. Wengine hufanya hivyo kwenye maharagwe, na wengine, jambo linalosikitisha zaidi, kwenye lengalenga na matembele yatakayofika sokoni baada ya siku chache. Nafasi za kupanda, uchaguzi wa mbegu na palizi mnavijua, kwa hiyo sitavirudia hapa.

Imani hiyo ina chanzo, na si haki kumwambia mkulima kwamba ameota. Ni kweli kwamba vitu vingi vyenye sumu, vikitiwa kwa kiasi kidogo mno, huusukuma mmea ukue badala ya kuudhuru, na wataalamu huiita hali hiyo homesisi. Mwaka 2008 watafiti wa Brazili na Marekani walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba glifosati ya gramu 1.8 hadi 36 kwa hekta iliongeza ukuaji wa mahindi, soya ya kawaida, mikaratusi na misonobari. Glifosati huzuia kimeng'enya ambacho mmea hukitumia kutengeneza, pamoja na mambo mengine, malighafi ya lignini, yaani kitu kinacholipa shina ugumu wake. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba kizuizi kikiwa chepesi sana, kuta za chembe hubaki laini kwa muda mrefu zaidi na mmea hurefuka. Soya iliyobadilishwa vinasaba ili isidhuriwe na glifosati haikuonyesha ongezeko hilo, jambo linaloonyesha kwamba msukumo wa kukua na madhara ya kuua hupitia mlango mmoja.

Lakini majaribio hayo yalipima ukuaji wa mimea michanga. Hayakupima magunia ya mahindi yaliyoingia ghalani, na mmea uliorefuka mwezi wa Desemba si lazima uzae zaidi mwezi wa Aprili. Zaidi ya hayo, miongoni mwa mimea iliyosukumwa ikakua kulikuwa na komelina, lile gugu la ua dogo la buluu linalotambaa katika mashamba yetu na kuota mizizi kila pingili inapogusa udongo. Kipimo kinachodhaniwa kulisha mahindi hulisha na adui wa mahindi, tena katika siku zile zile ambazo mahindi hayawezi kuvumilia ushindani.

Sasa tufanye hesabu, kwa maana hapa ndipo kosa lilipo. Tuchukue dawa iliyoandikwa gramu 360 za glifosati kwa lita, ambayo ni ya kawaida. Mkulima anayetembea kwa mwendo sawa na kutumia lita 200 za maji kwa hekta atamaliza pampu ya lita 16 katika ari 8, yaani mita za mraba 800. Katika eneo hilo, mililita moja tu ya dawa ndani ya pampu ni sawa na gramu 4.5 kwa hekta. Kipimo cha chini cha yale majaribio, gramu 1.8, ni mililita 0.4 kwa pampu nzima, kiasi ambacho hakionekani hata chini ya kifuniko. Kipimo cha juu, gramu 36, ni mililita 8. Kijiko cha chai kina mililita 5, na kijiko cha mezani kina mililita 15. Anayetumia kijiko cha mezani amekwisha kufika gramu 67.5, karibu mara mbili ya mpaka wa juu, kabla hajaanza kutembea. Kuhusu vifuniko, chukueni sindano ya dukani isiyo na ncha, ambayo haitatumika tena kwa kazi nyingine, jazeni maji vifuniko vitatu vya chupa tofauti, kisha pimeni kila kimoja kwa sindano hiyo. Mtaona kwamba havilingani hata kidogo, na kile cha chupa ya dawa mara nyingi ndicho kikubwa kuliko vyote.

Na hapo tumechukulia kwamba kila kitu kingine kimenyooka, jambo ambalo halitokei. Chupa nyingine zina gramu 450 au 540 kwa lita, kwa hiyo zile mililita 8 huwa gramu 45 au 54 kwa hekta bila mkulima kubadilisha chochote isipokuwa duka. Dawa nyingi hutufikia kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, zikiwa na lebo za Kiingereza, na anayeuza rejareja katika chupa ndogo za maji huwa ameiacha lebo nyuma. Mwendo nao ni kipimo: anayetembea polepole akamaliza lita 16 katika ari 4 badala ya 8 amezidisha dawa mara mbili papo hapo. Mtoto akiachiwa pampu katikati ya kazi, shamba moja hupata vipimo viwili.

Kuna pia maji. Katanga ina miamba mingi ya chokaa na dolomiti, na maji ya visima yanayopita humo hubeba kalisi, yaani madini ya chokaa, ambayo hushikana na glifosati na kuipunguzia nguvu. Maji yenye tope hufanya vivyo hivyo, kwa sababu glifosati hung'ang'ania udongo wa mfinyanzi. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati hayaipunguzi. Ndiyo maana jirani mmoja husema kifuniko chake hakikudhuru chochote, ilhali mwingine, kwa kifuniko kile kile na maji ya bati, akaona mahindi yake yakigeuka manjano. Yule wa kwanza si fundi kuliko wa pili. Kisima chake ndicho kilichomwokoa, na mwaka atakaokinga maji ya mvua hakitakuwepo kumwokoa.

Nadhani najua mazoea haya yametoka wapi. Kwa miaka mingi wakulima wamefundishwa, kwa haki kabisa, kupima mbolea kwa kifuniko cha soda, na kipimo hicho kinafaa kwa urea kwa sababu gramu moja ya ziada haiui mmea. Kukihamishia katika dawa ya kuua mimea ni kosa zito, kwa kuwa tofauti kati ya mililita 8 zinazosemwa zinasukuma na mililita 240 zinazoua, ambazo ni kipimo cha lita 3 kwa hekta, haina mpaka unaoonekana. Katikati hakuna mahali palipo salama. Kuna mmea unaodumaa kidogo, kisha zaidi, kisha zaidi. Hasara ya asilimia chache mkulima haioni kwa macho, na huisingizia mvua.

Wako wasiotia kifuniko kwa makusudi lakini hupulizia glifosati kwenye mazao bila kujua, kupitia pampu isiyooshwa. Mkiua magugu kwa mililita 240 katika lita 16, kila lita ya mchanganyiko ina mililita 15 za dawa. Nusu lita ikibaki chini ya pampu, katika mpira na katika mkuki wa kupulizia, mmebakiza mililita 7.5, karibu kabisa na ule mpaka wa 8, kisha mnajaza maji na dawa ya viwavi na kupulizia mahindi. Kwa hiyo pampu isuuzwe mara tatu, kila mara kwa lita 4 za maji safi, na kila mara maji hayo yasukumwe yatokee kwenye pua hadi yaishe, siyo kumwagwa kwa mdomo wa pampu tu. Kichujio na pua vifunguliwe na kuoshwa peke yake. Maji ya kusuuzia yapuliziwe juu ya yale magugu mliyokuwa mkiyaua, wala yasimwagwe katika mto Kafubu au karibu na kisima. Kama pampu ilibeba 2,4-D, dawa nyingine ya magugu, tumieni maji ya sabuni yalale humo usiku mmoja kabla ya kusuuza, kwa sababu maharagwe, mihogo na nyanya hupindapinda kwa kiasi kidogo mno cha dawa hiyo. Wakulima watatu wakichanga na kununua pampu moja ya magugu peke yake, wakaipaka rangi nyekundu, wamemaliza tatizo hili.

Mtu anaweza kusema kwamba huko nje dawa hii hupuliziwa mazao kwa kipimo kidogo kwa makusudi. Ni kweli kwa miwa: Brazili na katika jimbo la Louisiana, Marekani, mashamba makubwa hupulizia glifosati kidogo kwa ndege majuma machache kabla ya kukata, ili ukuaji usimame na sukari ijikusanye katika shina. Angalieni kusudi lenyewe: wanasimamisha ukuaji, hawauongezi, na hufanya hivyo kwenye mmea unaokatwa karibuni, kwa vifaa vilivyorekebishwa na watu waliofunzwa kazi hiyo. Mahindi yenye majani matano hayahusiki hapo.

Kuna madhara mengine yanayokuja polepole. Magugu yanayopata dawa kidogo yasife huacha uzao unaoizoea. Huko Australia, watafiti waliochagua gugu moja la jamii ya nyasi kwa vipimo visivyotosha kuua walipata, baada ya vizazi vichache tu, magugu yaliyostahimili glifosati, na matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2009. Anayepulizia kifuniko chake kila msimu anafanya jaribio hilo hilo shambani mwake.

Mnaotaka mahindi ya kijani kibichi, wekeni urea. Mahindi yakifikisha majani sita hadi nane, udongo ukiwa na unyevu, wekeni kilo 8 za urea katika ari 8, sawa na kilo 100 kwa hekta. Katika nafasi ya sentimita 75 kwa 50 yenye mimea miwili kwa shimo, hiyo ni chini kidogo ya gramu 4 kwa shimo. Pimeni urea ya vifuniko 100 vya soda kwenye mizani ya dukani: ikizidi gramu 375, msikijaze kifuniko hadi ukingoni. Shimo la mbolea liwe sentimita 5 hadi 10 kutoka kwenye shina na lifukiwe mara moja, kwa sababu urea iliyoachwa juani hupotea hewani. Anayeiweka mahindi yanapotoa mbelewele amechelewa. Mmea ulioipata kwa wakati hutoa majani mapya ya kijani hadi ndani ya moyo.

Glifosati mwiacheni afanye kazi yake: kuua magugu kabla ya kupanda, kwa kipimo cha lebo, siku isiyo na mvua kwa angalau saa sita baada ya kupulizia. Mwezi wa Desemba hiyo ni asubuhi, siyo saa nane mchana mawingu yakiwa yamekwisha kujikusanya.

Aliyekwisha kupulizia mazao yake asiongeze urea kwa haraka akidhani ataliokoa shamba. Baada ya siku 7 hadi 10, afungue moyo wa mmea katika sehemu kadhaa za shamba na kutazama jani changa kabisa, kwa kuwa dawa hii husafiri na utomvu hadi pale mmea unapokua. Likiwa manjano au jeupe chini, karibu na linapochomoza, mmea umeathirika. Ikiwa bado ni kabla ya katikati ya Desemba, ni afadhali kupanda upya mara moja, kwa sababu mahindi yatakayopandwa mwishoni mwa Januari hayatapata mvua ya kuyakomaza. Mboga za majani zilizopuliziwa zisipelekwe sokoni. Maharagwe na viazi vilivyopata dawa hiyo visihifadhiwe kuwa mbegu, kwa sababu glifosati huhamia katika punje na viazi, na msimu unaofuata havitaota vizuri.