Tumia wmctrl kujua maeneo yako ya kazi
Kwa sisi hapa Goma tunaotumia Linux kwenye kompyuta zenye skrini ndogo, ambapo barua za wateja hukaa katika eneo moja la kazi (workspace, yaani skrini pepe ya kupangia madirisha) na mahesabu katika lingine, amri ya wmctrl -d inastahili kujulikana zaidi. Ukiiandika katika terminali (dirisha la kuandikia amri), huorodhesha maeneo yote, kila moja kwa mstari wake: namba, ukubwa, nafasi inayobaki baada ya kuondoa upau wa programu, na jina. Eneo ulilomo huwekewa nyota, na mengine kistari. Hesabu huanzia 0, kwa hiyo wmctrl -s 2 hukupeleka kwenye eneo la tatu.

Kwa maoni yangu, yenye manufaa zaidi ni wmctrl -l, kwani huonyesha kila dirisha liko eneo gani. Lenye -1 ni lile linaloonekana katika maeneo yote.

Kwenye Linux za aina ya Debian au Ubuntu, andika sudo apt install wmctrl. Kifurushi ni chepesi, hakitamaliza mega zako. Hata hivyo, programu hii iliundwa kwa ajili ya X11, mfumo wa zamani wa kuonyesha madirisha kwenye Linux, hivyo chini ya Wayland, mfumo mpya zaidi, usitegemee majibu yake.