Namna ya kuzungumza dini na siasa kwenye kikoba bila kikoba kuvunjika

Mimi ni katibu wa kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopa fedha, huku Nkuhungu, Dodoma. Tunakutana Jumapili alasiri, wa kanisani wakiwa wamerudi na wa msikitini wakiwa bado na nafasi kabla ya magharibi. Wamo Waislamu, Waanglikana, Wakatoliki na walokole. Wamo Wagogo, Warangi, Wanyaturu na waliohamia na ofisi za serikali. Kadi za vyama ni tofauti pia.

Vikoba vingi vinakataza kabisa dini na siasa. Siafiki. Ukikataza, maneno yanahamia pembeni, kila upande na watu wake, na huko ndiko msimamo unakokuwa mgumu, kwa sababu hakuna wa kuuliza swali. Zungumzeni, ila kwa utaratibu.

Anzeni na namna ya kukaa. Mwaka 1971 mwanasaikolojia Henri Tajfel na wenzake walichapisha majaribio waliyofanya Uingereza na wavulana wa shule wa miaka 14 na 15. Katika jaribio moja waliambiwa wamegawanywa kwa picha walizozipenda, za mchoraji Klee au za mchoraji Kandinsky. Kumbe mgawanyo ulikuwa wa kubahatisha tu. Hakuna aliyejua mwenzake ni nani, lakini walipopewa kazi ya kugawa fedha walipendelea kundi lao, hata wakakubali kundi lao lipate pungufu ya ambacho lingeweza kupata, ili mradi wawazidi wale wengine. Ikiwa picha zilitosha kuzaa "sisi" na "wao", sembuse kadi ya chama. Kwa hiyo nani akae kiti gani tunaamua kwa kuokota vikaratasi, watu wachanganyike. Na funguo tatu za sanduku la fedha wapeni watu watatu wasiosali pamoja. Sanduku halifunguki mpaka wafike wote, na watu wanaohitajiana kila wiki huulizana hali.

Mabishano yakianza, msiulize "kwa nini unaamini hivyo". Hilo humpa mtu nafasi ya kurudia hotuba aliyokwisha kuisikia. Ulizeni "inafanyikaje". Mama mmoja anayeuza mafuta ya alizeti alisema chama chake kikipata diwani, maji ya bomba hayatakatika tena. Wa upande wa pili wakacheka. Nikawaomba pande zote mbili waeleze maji yanafikaje bombani. Wachache walijua kuwa mengi yanatoka visima vya Mzakwe. Nani anapanga mgao, fedha ya bomba jipya inapitishwa wapi, diwani ana sauti gani hapo? Kimya, halafu maswali ya kweli yakaanza. Mtafiti Philip Fernbach na wenzake nchini Marekani walichapisha jambo hili mwaka 2013: waliotakiwa kueleza sera inavyofanya kazi hatua kwa hatua walipunguza ukali, waliotakiwa kutaja sababu tu hawakupunguza. Waliorudia baadaye hawakupata matokeo hayo kila mara, nanyi msitegemee miujiza.

Kwenye dini nendeni polepole zaidi. Kwetu jambo lilikuwa riba ya mikopo. Waislamu walitaka iondolewe, baadhi ya Wakristo wakaona wanaletewa sheria za msikitini. Hapa mwombeni kila mtu atenganishe mambo mawili: lile ambalo imani yake hairuhusu liguswe, na lile ambalo ni mazoea ya kundi lake. Kisha asome kitabu chake mwenyewe, asisome cha mwenzake kutafuta kosa. Ndugu zetu Waislamu walisoma Al-Baqara aya ya 275, inayohalalisha biashara na kuharamisha riba. Wakristo walifungua Kutoka 22:25, wakakuta nao wanakatazwa kumtoza riba maskini. Sauti zilishuka. Hakuna aliyebadili dini, na wala hilo halikuwa lengo. Waliogundua kuwa walikuwa wakitetea asilimia ya mkopo na si imani walikubali kuzungumza hesabu. Sasa anayetaka mkopo wa riba anaupata kama zamani. Asiyetaka, kikundi kinamnunulia bidhaa, tuseme magunia ya mahindi, na kumuuzia kwa faida iliyotajwa wazi tangu mwanzo, alipe kidogokidogo. Shauri la utaratibu huo tuliliomba kwa shehe kabla ya kupiga kura, nanyi fanyeni hivyo. Katibu si mufti.

Kwenye siasa watumieni wazee. Tume ya Nyalali, iliyouliza wananchi kama nchi ibaki na chama kimoja au iwe na vyama vingi, ilipokusanya maoni mwaka 1991, takriban asilimia 77 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Tume ikashauri vyama vingi hata hivyo, na mwaka 1992 sheria ikabadilika. Waulizeni waliokuwa watu wazima wakati ule walitaka nini, na kama walihama msimamo, nini kiliwahamisha. Kijana akimsikia babu anayemheshimu akisema "nilidhani nchi itagawanyika", anajifunza kuwa mtu anaweza kubadili wazo na asipoteze heshima.

Mambo mawili hayana mjadala. Neno "kafiri" na tusi la kabila vina faini papo hapo, inaingia mfuko wa jamii wa kikoba, hata kama msemaji ni mwenyekiti. Na mtu akisema "sitaki kuzungumzia hili leo", aachwe. Hapo mweka hazina anaanza kuita majina ya wanaorejesha mikopo.