Anzia kwenye sinki: namna mgahawa wa pwani unavyoweza kuilinda bahari

Nina mgahawa Kigamboni: samaki wa kukaanga, pweza wa nazi, chipsi, wali. Samaki nawanunua soko la Feri asubuhi, na uchafu wa jikoni kwangu nisipousimamia unaishia kwenye maji hayohayo wanakovuliwa. Kwa hiyo wenzangu wa migahawa wakiniuliza waanzie wapi, siwaanzishii na mirija ya plastiki ya kunywea soda. Nawapeleka nyuma ya jiko, penye sinki na mtaro.

Adui mkubwa kule ni mafuta. Ukiyamwaga yakiwa ya moto yanapita kama maji, halafu yanapoa ndani ya bomba, yanaganda, yananasa punje za wali na magamba ya samaki. Mara dada wa vyombo anakuita: "Mama, maji hayashuki!" Kijana anakimbilia kufunua chemba, uchafu unafurika, unafuata mtaro mpaka ufukweni. Ukifika majini, vijidudu vinavyouozesha vinakula oksijeni ambayo samaki anaihitaji, na rutuba ya mabaki ya chakula inastawisha mwani unaofunika matumbawe. Haya mteja hayaoni, ndiyo maana wengi hatuyashughulikii.

Fanya hivi. Mafuta yaliyochoka yaache yapoe kwenye karai, yachuje kwa kitambaa, yatie kwenye dumu lenye mfuniko. Wapo watengeneza sabuni wanaoyanunua. Muulize mnunuzi anayapeleka wapi, tena mtembelee uone, kwa sababu wapo wanaoyauza upya kwa wakaanga mihogo, na huko ni kuwadhuru watu. Karai na sufuria zifutwe kwa karatasi kabla hazijaguswa na maji. Sahani zikwanguliwe kwenye ndoo, na sinki iwe na kichujio cha chuma ambacho dada anakikung'uta kwenye ndoo hiyohiyo, si mtaroni. Ndoo ya mabaki mpe mfugaji wa jirani; matumbo ya samaki yafukie shambani, mbali na kisima. Vichwa usivitupe kabisa, hivyo ni mchuzi.

Kisha mwite fundi akujengee mtego wa mafuta. Ni kisanduku cha tofali na saruji, chenye mfuniko, kinachokaa nje kati ya sinki na chemba. Ndani kimegawanywa kwa ukuta usiofika chini. Maji yanaingia upande mmoja, yanatulia, yanapoa. Mafuta yanaelea juu, mchanga na punje zinazama, na maji ya katikati yanapita chini ya ukuta kwenda upande wa pili. Bomba la kutokea liwe na kiungo cha T ambacho mguu wake umezama ndani ya maji, ili utando wa juu usivutwe. Simama naye fundi mpaka amalize, maana akiweka bomba la kutokea juu juu, umejenga tangi tu.

Mtego usiosafishwa ni sawa na kutokuwa nao. Chovya kijiti uone unene: mafuta na tope vikifika robo ya kina, chota. Kwenye jiko linalokaanga kutwa, kazi hiyo ni ya kila wiki. Harufu yake ni mbaya, kwa hiyo mpe kijana glavu na malipo yake ya ziada, na usimwachie peke yake kila mara. Wala msimwage maji ya moto na sabuni nyingi ili "kuyeyusha". Mnayasukuma tu mafuta yakagande mbele zaidi.

Sasa plastiki. Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, na Zanzibar ilitutangulia mwaka 2006. Rambo zimepungua kweli, lakini angalia chipsi za kubeba: kachumbari kwenye kimfuko laini, tomato kwenye kingine, vyote ndani ya kile chombo cheupe chepesi ambacho upepo wa kusi ukikinyanyua hukikamati tena. Plastiki haiozi, inakatikakatika tu vipande vidogo, na kasa humeza mfuko unaoelea akidhani ni yavuyavu. Mimi tomato na pilipili ziko kwenye chupa mezani. Anayebeba nyumbani, akija na hotipoti yake, namwongezea chipsi. Wateja wa jirani wamezoea upesi kuliko nilivyotarajia, kina mama hasa.

Soda agiza za chupa za kioo, kwani chupa inarudi kiwandani kwenye kreti na mwenye duka anaidai. Maji ya kunywa weka mtungi wa lita 20 mahali mteja anapouona, bilauri safi pembeni. Akiona yanakotoka hasiti. Chupa za plastiki zinazobaki kusanya kwenye kiroba, wape waokota chupa zikiwa kavu. Mrija utolewe kwa anayeomba, na uwe wa karatasi.

Mwezi wa pili, kabla masika hayajaanza, toka na vijana wako mzoe mtaro wa mbele ya mgahawa. Mvua ya kwanza kubwa hubeba kila kilichorundikana wakati wa kiangazi, kwa mkupuo mmoja, hadi baharini. Waombe na majirani watoke siku hiyo. Anayeuza vocha na kinyozi nao wana taka zao humo.

La mwisho ni shimo la choo. Karibu na ufuo maji ya ardhini yako juu, na shimo lililojaa hufurika au huvujia mchangani. Livute kabla ya mvua. Gari la majitaka likija, muulize dereva anakwenda kumwaga kwenye mabwawa gani, na mwambie malipo kamili atayapata akirudi na risiti ya huko. Akikataa, mwite mwingine.