Kununua baiskeli ya mbio ya mtumba Mombasa

Hewa ya Mombasa ina chumvi, kwa hiyo usivutwe na rangi. Anza na fremu. Legeza boliti ya kiti, ujaribu kushusha nguzo yake. Ikigoma kabisa, iache baiskeli hiyo hata kama bei yake ni nafuu: alumini na chuma zikipata chumvi hugandana, na kuing'oa nguzo kunaweza kuharibu fremu.

Simama baiskeli ikiwa katikati ya miguu yako, nyayo zote mbili zikiwa chini: kati ya bomba la juu la fremu na msamba wako ibaki nafasi ya sentimita 2 hivi.

Pima mnyororo kwa rula. Pingili 24 za mnyororo mpya ni milimita 305. Zikifika 308, huenda gia za nyuma nazo zimelika, basi omba upunguziwe. Tairi zenye upana wa milimita 28 ziingie bila kugusa fremu wala breki.