Namna ya Kujijengea Kazi ya Utafiti wa Lukemia Kali ya Mailoidi

Anayetaka kuutumia umri wake wa kazi akichunguza lukemia kali ya mailoidi, yaani saratani ya damu ambayo seli changa za uboho hushindwa kukomaa na kujazana kwa kasi, mara nyingi huhimizwa aanze na mashine za kusoma vinasaba. Mimi namshauri aanze na hadubini na swali moja dogo, kama alivyofanya Janet Rowley wa Chuo Kikuu cha Chicago.

Rowley alihitimu udaktari mwaka 1948, kisha kwa miaka mingi akafanya kazi siku chache tu kwa wiki huku akilea watoto wanne wa kiume. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alifuatana na mumewe hadi Oxford, Uingereza, akajifunza huko kuchunguza kromosomu, yaani nyuzi za ndani ya seli zinazobeba vinasaba. Aliporejea alimwendea Leon Jacobson, daktari bingwa wa damu wa chuo hicho, na maombi mafupi: hadubini, chumba cha giza cha kusafishia picha na ujira wa kiasi. Alipewa. Nawe unapomwendea mkuu wa idara, usiombe maabara nzima. Omba kile utakachokitumia wiki ijayo.

Hatua inayofuata ni kuizoesha mikono, na hapa usiwe na haraka. Sampuli ya uboho kwa ajili ya kromosomu huwekwa katika mrija wenye heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, kwa kawaida wa kifuniko cha kijani, na haigandishwi kwa baridi, kwa kuwa zinahitajika seli hai zinazogawanyika. Ile ya vipimo vya jeni huwekwa katika mrija wa zambarau wenye EDTA, kemikali nyingine ya kuzuia damu isigande. Seli hukuzwa kwa siku moja au mbili, zikasimamishwa katikati ya kugawanyika kwa dawa iitwayo kolsemidi, zikavimbishwa kwa maji ya kloridi ya potasiamu, kisha zikakazwa kwa methanoli na asidi ya asetiki kwa uwiano wa 3 kwa 1. Tone linapodondoshwa juu ya kioo, kromosomu hutawanyika. Ukikosea hapa, zitabebana kama vijiti vilivyofungwa mzigo, na hakuna programu ya kompyuta itakayokuokoa. Desturi ni kuchunguza seli 20 zilizogawanyika kwa kila mgonjwa. Mtafiti anayeanza azihesabu kwa macho yake mwenyewe.

Rowley alizipiga picha, akazikata kwa mkasi na kuzipanga juu ya meza ya chakula nyumbani, watoto wakimtania kwamba analipwa kwa kuchezea wanasesere wa karatasi. Ni juu ya meza hiyo, mwaka 1972, alipoona kwamba kwa baadhi ya wagonjwa wa lukemia hii vipande vya kromosomu ya 8 na ya 21 vimebadilishana mahali. Wakati huo wataalamu wengi waliamini kuwa kasoro za kromosomu ni matokeo ya saratani, si chanzo chake, kwa hiyo jiandae kusubiri: andika ulichokiona kwa usahihi, ongeza wagonjwa, wala usibadilishe swali kila ufadhili unapobadilika.

Maana kamili ya matokeo yako huenda ikaletwa na mwingine. Mwaka 1977 Rowley na wenzake walieleza kubadilishana kwa kromosomu za 15 na 17 katika aina ya lukemia hii iitwayo promielositiki. Huko Shanghai, kundi la daktari Wang Zhenyi lilitoa taarifa mwaka 1988 kuhusu wagonjwa 24 wa aina hiyo waliotibiwa kwa asidi ya retinoiki, dawa ya ukoo wa vitamini A inayozifanya seli changa zikomae, na ugonjwa ukatulia kwa wote. Miaka michache baadaye ikagundulika kwamba palipovunjika kwenye kromosomu ya 17 ndipo penye jeni ya kipokezi, yaani protini ya seli inayoipokea, cha asidi hiyo hiyo.

Kwa sababu hiyo usijitenge na wodi. Pata idhini ya kamati ya maadili na ridhaa ya mgonjwa mapema, kisha hifadhi sampuli mbili: ya kabla ya matibabu, na ya siku ugonjwa unaporudi. Ile ya pili ndiyo inayosahaulika zaidi, nayo ndiyo huonyesha kundi gani la seli liliponyoka dawa, kwa mfano lililopata au kupoteza badiliko la FLT3, jeni inayochochea seli za damu kukua. Takwimu na usomaji wa vinasaba jifunze sambamba na hayo, ukiwa tayari na sampuli zako kwenye friji.